Benchi la Wenye Kikohozi

Watu walimwita Bi Foleni, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa kwenye dirisha la kadi la kituo chetu cha afya, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeruka foleni mbele yake akafika salama. Nimemwona akimrudisha nyuma mke wa bosi mmoja mkubwa, na manukato yake na miwani yake ya jua. Nimemwona akimpa mama yake mzazi namba kumi na nne. Bibi wa watu akamwambia, "Mimi ndiye niliyekuzaa," naye akajibu bila kuinua uso, "Najua, mama, na hawa kumi na watatu nao wamezaliwa." Bibi akaenda kukaa.

Mimi nagawa dawa dirisha la pili. Kati ya dirisha langu na lake kuna ukuta usiofika juu, kwa hiyo nasikia kila anayekoromewa. Namwita dada, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alikuja hapa akiwa mjane, amebeba mtoto wa kike wa miaka minne, akaajiriwa kufagia. Karani wa kadi alipoacha kazi, ikagundulika kwamba mwandiko wa mfagiaji unasomeka, jambo ambalo kwenye majengo ya hospitali ni nadra, akapewa dirisha. Yule mtoto alikulia chini ya meza ile, anaandika kazi zake za shule nyuma ya kadi zilizoharibika, na mimi akaniita mama mdogo.

Mtoto huyo amekuwa mtu mzima, ameolewa. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, zote mwezi wa tano. Ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba wakati mafua yalipoingia, na dada yangu, mwenye sauti ya kusikika mpaka getini, alikuwa kila akiutaja mwezi huo anashusha sauti, utadhani mwezi wenyewe utasikia na kukimbia. Hakuwa na mtoto mwingine. Hakuwa na kitu kingine alichokuwa akikingoja.

Sasa hayo mafua. Yalipotangazwa, watu walicheka. Kwani mafua nayo ni ugonjwa? Mafua ni pua! Daktari wetu, kijana tuliyemwita Daktari tu kwa sababu tulikuwa naye mmoja, alisimama uani akaeleza kwa utaratibu. Haya ni mafua mapya, miili yetu haiyajui. Yanaua wazee, yanaua watoto wachanga, na wajawazito yanawakaba vibaya kuliko wengine. Anayekohoa abaki nyumbani. Anayelazimika kuja avae barakoa, anawe mikono, akae hatua mbili mbali na mwenzake. Walimsikiliza kwa heshima, wakampigia makofi, kisha wakabanana mlangoni wote kwa pamoja kukimbia jua.

Nikianza kusimulia vituko vya wiki zile nitapandisha presha, lakini acha nisimulie. Bi Foleni alipiga magoti sakafuni kwa umri wake ule, akachora maduara kwa rangi nyeupe kutoka dirishani mpaka getini, hatua mbili mbili, ili kila mtu asimame kwenye lake. Asubuhi yake tukakuta kila duara lina kiatu. Kiatu kimoja, au jiwe, au chupa ya maji, au mfuko wenye kanga ndani. Wenyewe wamejazana kwenye kivuli cha ukuta, mabega yanagusana, wanapiga soga. Viatu vilitii maagizo yote ya serikali. Wenye viatu ndio hawakutii.

"Kiatu hiki kinaumwa nini?" Bi Foleni akauliza, amekishika juu kwa kamba.

"Hicho changu, mama," sauti ikatoka kivulini. "Kimenishikia nafasi."

"Basi kiatu nitakiandikia kadi. Wewe rudi nyumbani."

Halafu barakoa. Mlinzi wa getini aliambiwa asimruhusu mtu kuingia bila barakoa. Akatii. Siku ya nne nikagundua kwamba watu thelathini waliokuwa uani wameingia na barakoa mbili. Anaingia wa kwanza, anavua, anaipitisha juu ya uzio, wa pili anaivaa, anaingia, anavua. Ilikuwa imelowa! Nilipopiga kelele, yule mama aliyeishika akaniambia nisiwe na wasiwasi, wanaigeuza ndani nje kila baada ya watu watano. Na sabuni ya kunawia mikono iliibiwa mara tatu. Naweza kumwelewa anayeiba pesa. Anayeiba sabuni ya kujikinga na ugonjwa, akaenda nayo nyumbani na mikono aliyoishikia ikiwa michafu, huyo nimeshindwa.

Katikati ya vurugu hiyo ndipo ukaja mwongozo kutoka juu: wanaokohoa watengwe na wengine na wahudumiwe haraka, wasikae muda mrefu kituoni. Hakuna kosa katika maneno hayo. Daktari akayasoma, akatazama uwanja wetu, akaona mahali pamoja penye benchi refu, paa la bati na feni, ambapo ni mbele ya dirisha langu la dawa. Akaagiza pawe pa wenye kikohozi, na wao waitwe kwanza. Wengine wasubiri uani.

Bi Foleni alitoka dirishani kwake, jambo ambalo halitokei, akamfuata.

"Daktari mwanangu, watu hawa nawajua. Ukikipa kikohozi kivuli, feni na kuitwa kwanza, kesho watakohoa wote."

"Mama, nani atajisingizia ugonjwa unaoua?"

"Hao hao. Waweke wenye kikohozi nyuma ya stoo, kule kuna upepo, waite kwa mlango wa nyuma. Kivuli wape wazima."

"Mgonjwa ndiye nimweke nyuma ya stoo? Watasema tunawanyanyapaa." Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma, na alikuwa hajakaa dirishani miaka ishirini na miwili.

Jumatatu benchi lilikuwa na watu tisa. Jumanne, kumi na wanane. Jumatano waliketi mpaka chini, na kikohozi kilichosikika hapo sijawahi kukisikia katika maisha yangu ya kazi. Kulikuwa na wanaokohoa kama wanaobisha hodi. Kulikuwa na mama mmoja aliyekohoa akiwa amesahau kutoa pipi mdomoni. Bingwa wao alikuwa Mzee Redio, tuliyemwita hivyo kwa sababu haachani na redio yake ndogo, hata akipimwa presha inabidi aizime kwa amri. Yeye huja mara moja kwa mwezi kuchukua vidonge vya presha tu, na kifua chake ni kizima kuliko changu. Alipofika dirishani Jumatano alijikunja akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

"Kikohozi hicho kimekuanza lini?" Bi Foleni akamuuliza.

"Kimenianza hapo getini," akasema Mzee Redio, macho makavu kabisa, akaenda kukaa chini ya feni.

Unaweza kucheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Maana kikohozi kilipokuwa cha kila mtu, kiliacha kutisha. Nilianza kulitazama benchi lile kama benchi la wajanja. Miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa kweli, wenye homa, wenye macho mekundu, wanaopumua kwa shida, nami nawapa dawa kwa mikono yangu, lakini nikitazama safu nzima nilichokiona ni watu wazima wanaotafuta kivuli. Dada yangu ndiye pekee ambaye hakuzoea. Alianza kuandika kwenye daftari: nani anakohoa kweli, nani anaigiza. Alikuwa hana kipimo chochote zaidi ya macho na masikio, lakini yalikuwa macho na masikio yake.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Binti yake alitakiwa kuja kila mwezi bila kukosa, kwa sababu ya zile mimba mbili zilizoharibika. Mama yake alikuwa amempa maagizo: avae barakoa yake mwenyewe, afike saa mbili kamili kabla watu hawajajaa, apange foleni kama wenzake, amalize, aondoke, asiongee na mtu. Upendeleo hakumpa, hata ule wa kumwitia muuguzi. Nilimwambia, "Dada, huyu ni mmoja tu, tena ana hali ile, mpitishe mlango wa nyuma." Akaniambia wajawazito ishirini na sita wana hali ile, na mlango wa nyuma ni mmoja.

Saa nne kasoro, Bi Foleni alifunga dirisha lake. Watu walishangaa, maana hawakuwahi kuliona limefungwa mchana. Alichukua daftari lake akaingia ofisini kwa Daktari, na kwa kuwa kuta zetu ndizo zile, nilisikia yote. "Leo wameketi arobaini na mmoja. Wanaoumwa kweli hawazidi kumi na wawili. Ishirini na tisa ni wazima, Daktari, nasi tumewapanga katikati ya wagonjwa tukawawashia feni iwapulizie. Hatuzuii mafua. Tunayagawa kwa zamu."

Ni wakati huo huo binti yake alipoingia getini. Alikuwa amechelewa. Alikuwa ametembea polepole, anapumzika njiani, na miguu ilikuwa imevimba mpaka mkanda wa kandambili umemkata. Uani palikuwa pamejaa, jua limepanda, kila duara lina kiatu. Dirisha la mama yake limefungwa. Akaja kwangu, akashika nondo za dirisha.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kikaoni. Mbona umechoka hivyo?"

"Miguu inaniuma. Nisimame wapi mimi? Nikikaa juani nitaanguka."

Nataka kusema kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Nilikuwa na foleni ya dawa, nilikuwa na hasira na viatu na barakoa na sabuni, na hapo mbele yangu Mzee Redio, ambaye vidonge vyake alishavichukua jana, alikuwa amerudi kwa sababu ya feni, amekaa miguu mbele, anasikiliza taarifa ya habari. Nikaona uchungu. Zee zima linapata upepo, na mwanangu mwenye mimba anasimama juani!

"Kohoa kidogo ukae hapo kivulini," nikamwambia. "Wenzako wote wanafanya hivyo. We, Mzee Redio, sogea huko, mpishe mtoto."

Akacheka. Akakohoa mara mbili, kikohozi kibaya cha uongo ambacho hakingemdanganya mtu, na watu wa benchi wakacheka naye. Mzee Redio akampisha kwa adabu. Upande wa pili alikaa mwanamume mmoja kimya, aliyejifunika shuka mpaka kichwani, anatetemeka kwenye joto lile. Nilimwona. Nilimwandalia hata dawa zake za homa. Mwanangu alikaa katikati yao saa nzima na nusu, feni ikizunguka juu, na barakoa alikuwa ameishusha kidevuni kwa sababu pumzi ilikuwa inamkata.

Baada ya saa mbili za mabishano, Bi Foleni alitoka ofisini akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Daktari alikuwa amekubali. Kuanzia kesho Ijumaa benchi linafutwa, wenye kikohozi wanapita geti la nyuma, wanapimwa homa kwanza, wanakaa kwenye upepo, kila mmoja mbali na mwenzake, na hawaitwi kwanza wala mwisho. Wakati huo binti alikuwa ameshaingia kliniki, kapimwa, mtoto wake ana mapigo mazuri, katoka zake. Dada yangu alifungua dirisha akaita namba inayofuata.

Mpango mpya ulifanya kazi kuanzia siku ile ya kwanza. Ijumaa waliokohoa walikuwa kumi na mmoja. Watu thelathini walipona kwa usiku mmoja, bila dawa yangu hata kidonge. Mzee Redio aliniletea malalamiko kwamba kituo kimeshuka hadhi.

Jumapili binti akaamka na homa. Jumatatu asubuhi alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Alipelekwa hospitali kubwa, akawekewa oksijeni, na huko hawakuruhusu ndugu kuingia, jambo sahihi ambalo siku hiyo nililichukia kwa moyo wangu wote. Dada yangu alisimama nje ya geti lao siku tatu, hatua mbili kutoka kwa aliye mbele, hatua mbili kutoka kwa aliye nyuma. Jumatano uchungu ukaanza kabla ya wakati. Mtoto wa kike alizaliwa hai, mdogo wa kuenea kwenye viganja viwili. Aliishi mpaka Ijumaa.

Binti mwenyewe alipona. Alikaa hospitali wiki tatu, akarudi amekonda, hasemi sana, amelala nyumbani kwa mama yake, chumba kile kile alichokulia. Watu wakaja kutoa pole, na wakaja kama wanavyokuja, makumi kwa makumi, wanataka kushikana mikono, wanataka kukumbatia, wanataka kujazana kwenye chumba chenye dirisha moja na mgonjwa anayejifunza kupumua upya. Nilisimama mlangoni nikawafukuza. Niliwafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Waliniita sina utu, na mmoja akasema nimekuwa Bi Foleni wa pili.

Mwezi mmoja baadaye dada yangu alirudi dirishani. Siku ya kwanza aliita namba kwa sauti ile ile. Nilivumilia mpaka watu walipopungua, tukaenda kwenye jiko la kituo kupasha chai, nikafunga mlango. Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo kwa siku zote hizo, sili vizuri, silali vizuri, nikisubiri anikasirikie, na hakunikasirikia, na nikaelewa kuwa ni kwa sababu hajui.

"Dada, ni mimi," nikamwambia. "Siku ile ulipokuwa kwa Daktari. Ni mimi niliyemwambia akohoe akakae pale."

Alikuwa anakoroga chai. Hakuacha kukoroga.

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia jioni ile ile. Aliniigizia na kikohozi chenyewe, na jinsi ulivyomfukuza Mzee Redio. Tulicheka mpaka akashika tumbo." Akaweka kijiko chini. "Nilikuwa na daftari langu mkononi. Kumi na wawili wanaumwa kweli, nimeandika mwenyewe. Na mwanangu ananiambia amekaa katikati yao, nami nikamwambia, mama yako mdogo ana akili, afadhali umepata kivuli."

Nilianza kulia. Yeye hakulia. Alinitazama kwa macho yale yale anayomtazamia mtu aliyeruka foleni, akisubiri maelezo.

"Miaka ishirini na miwili nimegombana na kila mtu pale dirishani," akasema. "Hebu niambie wewe. Hili nigombane na nani?"